Nyimbo za Watoto si Mchezo Mtupu

Wako wazee, na hata baadhi ya walimu wakuu, ambao wakisikia nyimbo na makofi kutoka darasa la maandalizi hunung'unika kwamba wakati unapotea bure. Kwao, mtoto asomaye ni yule aliyenyamaza kimya akinakili herufi za ubaoni. Fikra hiyo haina budi kuondolewa, kwani inawadhuru watoto wetu wa Unguja na Pemba mwanzoni kabisa mwa safari yao.

Kusoma huanzia sikioni kabla ya kufika machoni. Mtoto aliyezoea kuimba maneno ya kina kimoja, kama paka, taka na waka, hutambua bila ya kuambiwa kwamba sauti moja ikibadilika, neno nalo hugeuka. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Uingereza, Lynette Bradley na Peter Bryant, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba watoto wa miaka 4 na 5 waliokuwa hodari wa kutambua sauti zinazofanana katika maneno, vikiwemo vina, walikuja kuwa wasomaji bora. Aidha, miongoni mwa waliopewa mafunzo ya sauti hizo, waliofaidika zaidi ni wale walioonyeshwa pia herufi zake.

Hapo ndipo penye nasaha kwetu. Wimbo peke yake hautoshi. Mtoto aweza kuimba irabu zote kama kasuku, lakini akionyeshwa moja tu asiijue. Vyuo vyetu vya Kurani vililifahamu jambo hili tangu zamani: mtoto huitamka herufi kwa mahadhi, na papo hapo kijiti chake kinaigusa. Sikio, ulimi, jicho na mkono hushirikiana.

Serikali si ngeni katika njia hii. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Vikafuata vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyoandaliwa kwa msaada wa Marekani, ambavyo vilifundisha kwa nyimbo, hadithi na michezo, na kuwafikia hata watoto waliokusanyika nje ya skuli. Lakini miradi ya wafadhili huja na kwenda. Nyimbo za bibi zetu hazingoji fedha za kigeni. Zinachongoja ni kuthaminiwa kabla wenye kuzijua hawajatutoka.

Kwa hiyo twaishauri Wizara mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu wa maandalizi afunzwe kuunganisha wimbo na herufi. Pili, nyimbo na vitendawili vya watoto vikusanywe kutoka kwa wazee, tangu Makunduchi hadi Micheweni, vichapishwe na kugawiwa skuli zote. Tatu, mkaguzi aingiapo darasani asitosheke kusikia watoto wakiimba, wala asikasirike. Amwite mmoja wao aionyeshe herufi aliyoiimba.

Wazazi nao wana wajibu wao. Wimbo wa jioni barazani hauna gharama, na mtoto aliyeimbiwa nyumbani huingia skuli akiwa na akiba. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi twaongeza: mkunje kwa wimbo, wala si kwa bakora.