Mji wa Tanga unapanuka, daftari liko wapi?

Kupanuka kwa mji wa Tanga ni jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku lakini hatuliandiki popote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Mabawa, na kila asubuhi napanda baiskeli kwenda kufundisha pembezoni mwa jiji, mahali ambapo mpaka leo tunapaita kijijini. Nilipopangiwa shule hiyo mwaka 2013, nikishazipita nyumba za mwisho za mji nilikuwa naingia katika minazi, mikorosho na mihogo, na nyumba zilizokuwa njiani niliweza kuzihesabu kwa vidole. Siku hizi siijui tena nyumba ya mwisho ya mji. Naondoka katikati ya nyumba na nafika shuleni katikati ya nyumba.

Sishangai, kwa kuwa watu tumeongezeka. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Tanga na watu wapatao 61,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji zima, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu 393,429. Hata kama mipaka ya jiji la leo ni mipana kuliko ya mji wa zamani, ongezeko la watu 120,000 hivi katika miaka 10 tu ni karibu mara mbili ya watu wote waliohesabiwa mjini mwaka 1967. Watu hao ni lazima walale mahali. Asiyepata kiwanja kilichopimwa anakwenda kwa mwenye shamba.

Ngamiani ilichorwa kwanza, nyumba zikafuata, ndiyo maana mgeni akitajiwa namba ya barabara anafika bila kuuliza mara tatu. Huku kwetu tunajenga kwanza, halafu tunasubiri ramani ije kutukuta.

Nitatoa mfano. Uwanja wa shule yetu ulikuwa na mpaka wa mikorosho, na kila mtu aliujua. Wazee walioipanda walifariki, warithi wakauza shamba la jirani, mikorosho ikakatwa, na mnunuzi akajenga nyumba ya matofali. Leo watoto wanacheza katika nusu ya uwanja. Mnunuzi yule si mwizi. Ana karatasi yake yenye saini za mashahidi. Sisi hatuna karatasi yoyote, tuna kumbukumbu tu, na mikorosho haipo tena kututolea ushahidi. Hapo ndipo nilipoelewa wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala sisemi haya kama mtu msafi. Mimi mwenyewe nimenunua kipande cha shamba kwa hati ya mkono, kwa sababu mshahara wangu haukufika bei ya kiwanja kilichopimwa. Sikujua kama mbele ya mlango wangu ramani ya kesho itapitisha barabara, mtaro au nyumba ya mtu mwingine. Nilimwuliza muuzaji, naye akanijibu kwamba hapana shida. Muuzaji gani atasema ipo shida?

Ndugu Mhariri, wengine watasema kufuatilia ukuaji wa mji ni kazi ya wataalamu na inataka fedha nyingi. Napenda kuwafahamisha kuwa nusu ya kazi hiyo imekwisha kufanywa. Tangu mwaka 1972 Marekani imekuwa ikirusha satelaiti za Landsat zinazopiga picha za dunia, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Satelaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa 2015 zinaonyesha vipande vya ardhi vya mita 10 kwa 10. Mtaalamu huchukua picha ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine, akatenga penye majani, maji, udongo na mapaa, kisha akaziweka pamoja. Palipokuwa na majani zamani na leo pana mapaa, mji umefika.

Lakini satelaiti nayo ina upofu wake. Bati lenye kutu hufanana na udongo, paa la makuti hufanana na kichaka, na nyumba iliyo chini ya minazi haionekani. Tena picha ya angani haisemi nani kamwuzia nani, wala uwanja wa shule uliishia wapi. Hayo anayajua mtu wa chini. Kwa hiyo picha ya juu na daftari la chini lazima vikutane.

Wenzetu wamethubutu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaa walishirikiana katika mradi wa Ramani Huria, wakachora nyumba, njia na mitaro ya sehemu zinazopata mafuriko. Zanzibar, kuanzia 2016, ilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Na sisi sote, mwaka 2022, tuliona nyumba zetu zikipewa namba katika zoezi la anwani za makazi. Basi ikiwa nyumba zimeweza kuhesabiwa mara moja nchi nzima, kwa nini zisihesabiwe kila mwaka pale ambapo mji unasogea?

Shuleni kwetu tumeanza kwa uwezo wetu. Nikiwa chuo cha ualimu nilifundishwa kuchora ramani ya mazingira ya shule. Sasa kila mwaka wanafunzi wangu huzunguka na daftari, wakaongeza nyumba mpya katika karatasi ya manila kwa rangi ya mwaka huo. Rangi za miaka ya mwanzo zimebaki karibu na njia kuu. Rangi za karibuni zimefika hadi bondeni, ambako maji ya masika hupita. Mtoto wa darasa la sita aliniuliza, "Mwalimu, hawa mvua ikija watakwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, kila ofisi ya mtaa na ya kijiji pembezoni mwa jiji ibandike ukutani ramani inayosahihishwa kila mwaka, ili anayetaka kununua aitazame kabla ya kutoa fedha. Pili, mipaka ya shule, zahanati, visima, makaburi na mikondo ya maji iwekewe mawe ya upimaji kabla ya kitu kingine chochote. Tatu, kazi hii ifanywe mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kibali cha mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi, lakini kijiji kikishageuka mitaa ya mji mamlaka hayo huhamia kwingine, na watu huwa wamekwisha kuuza.

Siombi mtu abomolewe. Kubomoa ni kumwadhibu mnyonge kwa kosa la ramani iliyochelewa. Ninachoomba ni ramani itangulie tofali, walau kwa hatua moja, kabla nusu ya uwanja iliyobaki nayo haijapata mnunuzi.

Mwalimu wa Kijijini,
Mabawa, Tanga.