Mashudu ya Soya Yapimwe Kiwandani
Watumishi na walimu wengi hufuga kuku wa nyama ili kuongezea mshahara. Kuku wakidumaa, lawama huwaangukia vifaranga, au kijana wa banda. Mara nyingi kosa limo ndani ya gunia la chakula.

Soya mbichi, iwe imelimwa Songea au imetoka ng'ambo, ina kizuizi cha tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Kuku alishwaye soya hiyo kongosho lake huvimba na mwili hauongezeki. Moto huondoa kizuizi hicho. Lakini moto ukizidi huiharibu laisini, kirutubisho ambacho mahindi hayana cha kutosha na ambacho soya hutegemewa kukijaza. Mashudu yaliyoungua huwa ya kahawia nzito, rangi ambayo asiyejua huweza kuiona kuwa dalili ya ubora!

Tatizo ni kwamba mashudu mabichi, yaliyopikwa vema na yaliyoungua, yote huweza kuandikwa protini asilimia 44, na maandishi hayo yakawa kweli. Kipimo cha yurease hufichua ubichi. Kile cha kuyeyusha protini katika haidroksidi ya potasiamu hufichua kuungua, kiwango kikishuka chini ya asilimia 70 hivi.

Hapana budi viwanda vilazimishwe kufanya vipimo hivyo na kuchapa matokeo juu ya gunia. Mwalimu aliyenunua chakula kwa mkopo hana maabara nyumbani, na kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki 5 au 6. Kosa likigundulika, kundi zima limekwisha dumaa.