Neno la Mhariri: Nambari Kubwa Haiogopwi

Sensa ya Agosti 2019 iliwahesabu watu wa Kaunti ya Mombasa wakawa 1,208,333. Idadi hiyo hutajwa panapozungumzwa maji, shule na zahanati. Toleo hili linamwomba msomaji aitazame kwa jicho jingine: kama nambari yenye tabia zake yenyewe, ambayo mwanafunzi wa Likoni aweza kuichambua mpaka mwisho kwa kalamu na karatasi.

Ikate kwa mafungu ya tarakimu tatutatu kutoka kulia: 333, 208, 1. Toa fungu la pili katika la kwanza, kisha ujumlishe la tatu: 333 − 208 + 1 = 126. Kwa kuwa 126 hugawanyika kwa 7, nambari nzima nayo hugawanyika kwa 7. Siri imo katika 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Ukigawanya unapata 172,619. Je, hii nayo yavunjika? Kwa kuwa 416 × 416 inaizidi, yatosha kuijaribu kwa nambari tasa zisizozidi 415, nazo ni 80. Kila moja huacha baki. Basi 172,619 ni tasa, na 1,208,333 ina vigawo vinne tu: 1, 7, 172,619 na yenyewe.

Sasa tazama sehemu za kaunti yenyewe. Changamwe, watu 131,882, ni 2 × 23 × 47 × 61. Likoni, 250,358, ni 2 × 151 × 829. Kisauni, 291,930, ni 2 × 3 × 5 × 37 × 263, yenye vigawo 32. Zijumlishe pamoja na Jomvu, Nyali na Mvita, na utajiri wote huo wa vigawo unatoweka. Kujumlisha hakujali yaliyojengwa na kuzidisha, na hapo ndipo hesabu inapokuwa na kina. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kuhusu kuunda nambari kwa kujumlisha nambari tasa. Dai lililotokana na barua hizo, kwamba kila nambari shufwa iliyozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili, halijathibitishwa mpaka leo.

Wako watakaouliza faida yake ni nini, maana mtoto mmoja akizaliwa nambari inakuwa 1,208,334 na habari yote inabadilika. Ni kweli: vigawo hivyo havituambii lolote kuhusu maisha ya watu wa Mombasa. Faida iko katika namna ya kujua. Anayejaribu nambari tasa 80 kwa mkono wake hamtegemei mwalimu wala mashine. Anajua, na anaweza kueleza amejuaje. Kijana aliyezoea kudai uthibitisho mbele ya 172,619 ataudai vilevile mbele ya bajeti ya kaunti. Ndiyo maana tunasema hesabu za nambari ni haki ya kila darasa la Kisauni na Changamwe, si pambo la shule chache.

Jomvu ni 163,415, Nyali ni 216,577, Mvita ni 154,171. Hizo hatukuzichambua, kwa makusudi. Walimu, ziandikeni ubaoni, na yeyote atakayeleta jibu aulizwe amejuaje.