Amplifaya bila mchoro ni pambo tu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi kwanza, halafu, wacha nikiri, jioni zangu zote zimeliwa na sanduku moja la mbao lililoko karibu na dirisha la chumba changu hapa Bondeni. Wanaonijua washajua nataka kusema nini: amplifaya ya gitaa. Kwa wasionijua, mimi ni mtunzi wa programu mchana na mpiga gitaa usiku. Leo sitaandika juu ya programu. Au labda nitaandika, kwa kuzunguka.

Amplifaya yenyewe ni ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu, zinazowaka rangi ya chungwa na kuchukua nusu dakika kabla sauti haijatoka. Haikutoka kiwandani. Iliundwa kwa mkono na mzee mmoja fundi redio, jirani yetu, ambaye mtaa mzima tulimwita Ami. Enzi za kaseti, wakati duka kama Mbwana Radio Service kule Mji wa Kale likirekodi na kuuza taarab, Ami alikuwa akitengeneza amplifaya za bendi za harusi, na tashkota pia. Tashkota, kwa vijana wasioijua, ni chombo cha nyuzi chenye asili ya Japani na vibonye kama vya taipureta, ambacho watu wa taarab ya Mombasa walikitia umeme na kukifanya chao. Ukisikiliza rekodi za Zuhura Swaleh utakisikia kinavyokata.

Mpango wa amplifaya yangu ni wa Fender Champ ya miaka ya 1950, ndogo kuliko zote za Fender: valvu moja ya kukuza sauti ya gitaa, moja ya kusukuma spika, moja ya kugeuza umeme. Basi. Champ yenyewe hutumia valvu ya 6V6 kusukuma spika, lakini 6V6 utaipata wapi Marikiti? Ami hakuhangaika. Alichukua EL84 na EZ80 kutoka redio mbovu za Kizungu zilizojaa darini kwake, pamoja na ECC83, ambayo ni ile ile Wamarekani wanayoiita 12AX7. Akabadilisha rezista kadhaa zilingane na valvu mpya, akasuka transfoma ya spika kwa mkono, akatia vyote ndani ya sanduku la mvule lililokuwa mlango wa mtu. Nililipa pesa ambazo mama yangu mpaka leo hajui ni ngapi, na naomba asisome hapa.

Nguvu yake ni kama wati 5. Najua kuna mtu anacheka. Usicheke. Sikio halihesabu kama mita ya umeme: wati 50 hazisikiki mara kumi zaidi ya wati 5, husikika takriban mara mbili tu. Na nyumba za huku kwetu zimepakana ukuta kwa ukuta. Nikiifungua kabisa, anayesubiri basi la Malindi pale Abdel Nasser Road atajua nimekosea nota. Nacheza baada ya alasiri, adhana ikianza napunguza mpaka sifuri, na usiku sithubutu.

Sauti je? Ni tamu, wallahi. Valvu ikizidiwa haikati wimbi la sauti ghafla kama transista, hulibana polepole, na ukipiga nyuzi kwa nguvu umeme wa ndani huzama kidogo kisha hurudi, kama mtu anayevuta pumzi. Lakini nisiwadanganye. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoiga mambo hayo, na katika rekodi mara nyingi mimi mwenyewe nashindwa kutofautisha. Wale wanaoapa kwamba sauti ya amplifaya ya mkono haipatikani kwingine popote, wengi wao wanatetea bei waliyolipa. Tena ni nzito, inatoa joto kana kwamba joto la Mombasa halitoshi, na hewa yetu ya chumvi inakula kila skrubu.

Sasa kwa nini niing'ang'anie? Kwa sababu naijua yote. Vipande vyake vyote vinaingia kwenye karatasi moja. Naweza kuweka kidole mahali gitaa linapoingia nikafuata njia mpaka kwenye spika nisipotee. Kazini siwezi kusema hivyo. Programu ninayoiandika imebeba vifurushi vya watu mia kadhaa nisiowajua. Mnakumbuka Machi 2016? Kijana mmoja alikiondoa kifurushi chake cha mistari 11 kwenye ghala la JavaScript, na programu za makampuni makubwa duniani zikagoma kujengwa. Mistari kumi na moja!

Karatasi yenyewe ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia. Ami aligandisha mchoro wa sakiti ndani ya sanduku, ubavuni kushoto. Nilipoichukua nilidhani ni mapambo. Mwaka jana Ami akafariki, Mola amrehemu, na miezi minne baadaye, Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya harusi niliyokuwa nimeahidi kupiga, amplifaya ikaanza kukoroma. Nikachungulia nyuma: bati lililo ndani ya EL84 limeiva wekundu kama kaa. Nikazima haraka.

(Aside ya lazima: usifungue kitu hiki kwa pupa. Hata ukichomoa plagi, kapasita kubwa hubaki na volti mia tatu na zaidi, na hizo zinaua. Mimi huzimaliza kwanza kupitia rezista, kisha napima kwa mita, kisha napima tena.)

Fundi hayupo. Nikaukodolea macho ule mchoro. Kando yake kulikuwa na maandishi ya penseli kwa herufi za Kiarabu. Nilipita madrasa kama watoto wote wa mtaani, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, tena cha mtu mwenye haraka, kilinishinda. Nikambeba bibi yangu mbele ya sanduku na tochi ya simu. Akasogeza miwani, akasoma kama anayesoma barua: «Hini ndiyo itakayotangulia kufa.» Mshale ulikuwa umeelekezwa kwenye kapasita inayounganisha ECC83 na EL84.

Nikapima. Kweli, ilikuwa inavuja. Kapasita ile kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Ikivuja, EL84 hupokea volti isiyoitaka, ikapitisha mkondo kupita kiasi na kujichoma. Ilikuwa ya karatasi, ya zamani kama redio ilikotoka. Mpya ilinigharimu bei ya chai na mahamri. Jumamosi nilipiga bango mpaka saa saba za usiku.

Marehemu aliniachia maelezo bora kuliko nyaraka zozote nilizowahi kuachiwa kazini na watu walio hai.

Sasa kuna mvutano. Mtoto wa Ami, aliyejifunza kwa babake, ameanza kuunda amplifaya hizi. Ana maagizo mawili, moja la mpiga gitaa wa Mtwapa, jingine la Mkenya aliyeko Muscat. Aliniomba ushauri wa kuziuza, nami nikamwambia kwa ujasiri wa mtu mwenye digrii: weka mchoro kwenye intaneti, kila mtu auone. Akaniangalia.

«Wewe bwana una mshahara,» akasema. «Ukinitolea mchoro hadharani, fundi wa River Road ataziunda ishirini kabla mimi sijamaliza moja.»

Alikuwa amesikia habari za Alexander Dumble wa California, na alitaka kufanya kama yeye. Dumble, aliyefariki 2022, aliunda amplifaya moja moja kwa mkono, akaimwagia sakiti gundi ngumu ili asinakiliwe. Leo amplifaya zake huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Kwa hesabu hiyo siri inalipa, na sina haki ya kumdharau mtu anayetafuta ada za shule.

Lakini nilimjibu hivi, na bado nasimama hapo. Amplifaya iliyomwagiwa gundi, siku ikifa mikononi mwa mpiga gitaa wa Mtwapa, fundi wa Mtwapa ataanza kwa kubandua gundi, na huenda akaiua kabisa. Kitu hicho si chombo cha kazi tena, ni kito cha tajiri wa kuweka kabatini. Tena, Ami mwenyewe alipata wapi mpango wake? Kwa Fender. Jim Marshall na vijana wake kule Hanwell, London, walipoanza mwaka 1962, amplifaya yao ya kwanza, JTM45, ilikuwa karibu nakala ya Fender Bassman. Fender haikufa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux, kiliweza kwa kuwa wenye programu hawakuificha.

Na hoja niliyoiona ikimgusa ni hii: mchoro hausuki transfoma. Katika amplifaya ya valvu moja ya kusukuma, mkondo wa moja kwa moja hupita ndani ya transfoma muda wote, kwa hiyo lazima uache mwanya mwembamba kwenye chuma chake, upana wa kipande cha karatasi, la sivyo chuma hushiba na sauti ya chini hupotea. Karatasi ya unene gani, nyaya uzivute kwa kukaza kiasi gani, hayo yako vidoleni mwake. Wa River Road na aje ajaribu.

Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho tumekubaliana nusu: kila anayenunua atakuta mchoro umegandishwa ndani, wote, bila kuficha thamani hata moja. Kwenye intaneti, hapana. Mimi nimekubali shingo upande. Naona anakosea, lakini jina la babake ni lake, si langu.

Kwa hiyo picha ya mchoro iko kwenye simu yangu na hamtaiona hapa, nimeahidi. Nilichofanya ni kuyaandika upya yale maneno ya penseli kwa herufi za Kilatini, ili yaingie kwenye nakala za wanunuzi. Bibi amenisomea yote isipokuwa moja, kando ya EZ80, ambapo penseli imefutika. Anasema linaanza na «usi».