Telefone ya kikundi: iPhone 7 iliyotumika ao itel mpya?



Juma hili hatuandike juu ya uji wa watoto wala juu ya sabuni. Tunaandika juu ya telefone, sababu muso yetu imebishana majuma matatu: tununue gani? Mnakumbuka daftari letu lilipotea wakati wa kukimbia. Tuliporudi, kila mama alihesabu akiba yake kwa kichwa, na vichwa havikupatana. Kwa hiyo tulikubaliana kununua telefone moja ya kikundi, ya kupiga picha kila ukurasa wa daftari, ya kupokea feza, na ya kuita wenzetu walio Sake na Goma. Feza tumetoa katika kasha la kijani. Kasha jekundu, lile la magonjwa na misiba, hatukuligusa.

Vijana walituletea mbili, bei karibu sawa, zote chini ya dola mia. Moja ni iPhone 7 ya Apple, iliyotumika, imetoka Goma. Nyingine ni itel A60, mpya katika kartoni yake. itel inatengenezwa na Transsion, kampuni ya Shenzhen kule Uchina, ile ile ya Tecno na Infinix.

Tuseme ukweli kwanza: iPhone ni nzuri mkononi. Ilitoka 2016, lakini bado inafungua mambo haraka kuliko itel iliyozaliwa miaka saba nyuma yake. Zote mbili zina giga 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa hiyo msidanganywe na namba hiyo peke yake. Ubongo wa iPhone una nguvu zaidi. Picha zake pia zinashinda. Tulipiga ukurasa mmoja wa daftari jioni, kwa mwanga wa taa: kwa iPhone kila namba ilisomeka, kwa itel ilibidi kurudi nje kungali jua.

Lakini sisi hatuishi karibu na waya ya umeme. Batri ya iPhone 7 ni 1960, ya itel ni 5000. Namba hizo zinaonyesha umeme unaoingia ndani. Na batri ya telefone iliyotumika imekwisha kuchoka. Ile tuliyoletewa ilizimika kabla ya saa nane mchana. itel ilitufikisha siku ya pili. Kwa mama anayelipa kila mara anapopeleka telefone kusharji kwenye pano ya jirani, hiyo tofauti ni chumvi na mafuta ya nyumba.

Kuna tena laini. iPhone 7 inapokea laini moja tu. itel inapokea mbili, na kwa milima yetu kila mtu anajua: mtandao mmoja ukipotea, ule mwingine labda unashika. itel ina redio pia. Unachomeka visikilizi, unapata habari za barabara bila kutumia mega. iPhone haina redio, na hata tundu la visikilizi vya kawaida Apple ililiondoa kuanzia hiyo 7.

Jambo lililotugusa zaidi ni kadi ndogo ya kumbukumbu. itel inaikubali, iPhone haiikubali. Picha za daftari tunaziweka kwenye kadi, na siku ya mashaka mama mtunza kasha anaitoa, anaifunga ndani ya pindo la kitenge. Telefone inaweza kunyang'anywa njiani. Kadi kama ukucha, nani ataitafuta?

Sasa mfumo wa ndani. itel inatumia Android 12, ile nyepesi inayoitwa Go, iliyofanywa kwa telefone zenye nguvu kidogo. Menyu yake tuliiweka kwa Kiswahili, na mama mkubwa mmoja ambaye Kifaransa kinamshinda alifungua mwenyewe. Ya iPhone tuliiacha kwa Kifaransa, Kiswahili hatukukipata. Mfumo wa iPhone 7 ulisimama kwa iOS 15. WhatsApp, tangu Mei 2025, inaomba iOS 15.1 ao zaidi. Kwa hiyo 7 ingali ndani, lakini iko mlangoni kabisa. iPhone 6 imekwisha kutolewa nje, hata wakiwauzia kwa bei ya kuku. Kwa Android, mwaka 2025 WhatsApp ilianzia kwa namba 5.

Wengi wanauliza kwa nini tunaogopa za kutumika. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wake, akanunua iPhone kwa muuzaji wa njiani. Mtoto alipoifuta ili aianze upya, ikaomba akaunti ya mwenyewe wa kwanza na neno lake la siri. Muuzaji hakuonekana tena. Leo telefone ile ni kioo cha kujitazamia. Basi kama mnanunua iliyotumika, muuzaji atoe akaunti yake na kuifuta mbele yenu, kisha muianzishe ninyi wenyewe mpaka mwisho kabla ya kuhesabu feza. Android nayo ina kufuli la namna hiyo kwa akaunti ya Google, msilale. Kwa iPhone, tazameni pia hali ya batri kwenye maparametre: chini ya 80 kwa mia, achaneni nayo. Piga *#06#, namba itakayotokea ilingane na ile ya kartoni.

(Mama mmoja aliuliza kama ndani yake muna koltani ya Rubaya. Haisomeki kwa kifuniko. Lakini koltani hutoa tantali, inayoingia katika vidude vya umeme vya telefone, na Rubaya yetu inatoa kama 15 kwa mia ya tantali ya dunia. Tunayachimba, kisha tunayanunua kwa kubembeleza bei.)

Tulipiga kura: kumi na saba kwa itel, nne kwa iPhone. Hao wanne ni wale wanaopenda picha za arusi, na hatuwalaumu. Telefone itakaa kwa mama mtunza kasha, neno la siri la feza litashikwa na mama mwandishi, ili mmoja asitoe kitu bila mwenzake. Feza iliyobaki ilinunua kadi ya kumbukumbu. Kurasa za tangu Januari zimekwisha kupigwa. Mama asiyeona jina lake aje kwa mwandishi kabla ya mkutano, na aje kungali jua.