Ditekta ikilia, usikimbilie nyundo

Alizeti ikishavunwa Kinyangiri, wilayani Mkalama, mashamba hubaki wazi, na mwenye ditekta hupata nafasi ya kuipitisha bila kugombana na mtu. Tuseme baba ameazima mashine kwa wachimbaji wadogo, imelia pembeni ya shamba, naye amechimba na kutoa kitu cha mviringo, kizito, chenye kutu ya kijani. Jioni kiko mezani. Mjomba anaapa kuwa ni rupia. Jirani anasema ni mali aliyoificha Mjerumani, na kwamba anamfahamu mnunuzi. Wakati wakubwa wanabishana, mtoto wa miaka miwili ameshakitia mdomoni.

Waanze na huyo mtoto. Shaba ya zamani mara nyingi huwa na risasi ndani yake, ile madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kitolewe mdomoni, aoshwe mikono na uso kwa sabuni, kiwekwe juu asikofika. Kama amekimeza, apelekwe kituo cha afya hata kama halii.

Kuhusu kitu chenyewe, mashine haijasema lolote. Ditekta hutuma nguvu ya sumaku ardhini kupitia waya uliozungushwa kwenye sahani yake ya chini, na chuma au shaba yoyote iliyoko pale hujibu. Kizibo cha soda hujibu. Jembe lililovunjika hujibu. Bomu la mkono hujibu vilevile, kwa mlio ambao baba mwenye matumaini ataufurahia sana.

Matumaini yenyewe, kwa kweli, hayakutoka hewani. Wajerumani walikuwa na boma Mkalama. Sekenke, upande wa Iramba, uchimbaji wa dhahabu ulianza mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya baharini na sarafu zikawa adimu, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 zikatengenezwa huko sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Hizo ni ndogo, kila moja ina uzito wa gramu 7 na ushee tu.

Lakini karakana hiyohiyo ya Tabora ilitengeneza pia sarafu za heller 20 na heller 5 kwa shaba ya njano, nyingine ikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Zina taji, mwaka 1916 na herufi T. Ukizisugua zinang'aa njano, na hapo ndipo familia nyingi huanza kuhesabu mamilioni ambayo hayapo. Kutu ya kijani ni dalili ya shaba. Hakuna haja ya kuichemsha, kuitia tindikali ya betri wala kuichoma jikoni ili "kujaribu dhahabu". Moshi wa kitu usichokijua, ndani ya nyumba wanamolala watoto, ni hatari kuliko umaskini uliokuwepo asubuhi. Na mnunuzi wa sarafu za kale hulipa zaidi kwa ambayo haijasuguliwa.

Sasa tuseme si sarafu. Ni kitu kama nanasi dogo la chuma, au bomba fupi lenye ncha, au kopo lililofungwa pande zote. Hapo mjadala wa mezani haufai kabisa. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililipuka baada ya mwanafunzi kuliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Wanafunzi watano walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Mtoto yule hakuwa mtundu. Alifanya wanachofanya watoto wengi wanaotafuta hela ya daftari: aliona chuma, akakipima mkononi, akafikiria kilo.

Kwa hiyo mzazi anayemtuma mtoto kuokota vyuma, au anayenyamaza akiona mfuko wa vyuma nyuma ya nyumba, amwambie kwa maneno ya wazi: chenye pini, chenye ncha ya risasi, kilichofungwa kama kopo, usikiguse, usikirushie jiwe, njoo uniite. Asiwepo wa kumpiga kwa kuleta habari, la sivyo safari ijayo ataficha. Mkubwa naye asikibebe. Aweke alama mbali nacho, awaondoe watu, amwite mtendaji wa kijiji au apige polisi namba 112. Kutu haipunguzi nguvu ya bomu. Wakati mwingine hulifanya liwe jepesi zaidi kulipuka.

Kuna pia jeraha dogo ambalo halipigiwi simu. Baba amejikata kidole akichimba, akapaka majivu. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe bali na vijidudu vilivyomo kwenye udongo na samadi, na shamba la Kinyangiri lina vyote viwili. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati aulizwe chanjo. Watoto hupata kinga hiyo kwenye chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Baba wengi hawakumbuki walichomwa lini mara ya mwisho.

Na ile sarafu? Ipigwe picha pande zote mbili kando ya rula, ipimwe kwenye mizani ya sonara, iandikwe ilikotoka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa, na kuchimbua mabaki hayo kunahitaji leseni. Picha hiyo aoneshwe mtendaji au ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Mnunuzi wa jirani anayetaka kwanza "hela ya kusafishia" asubiri nje ya uzio.