Msitudanganye: Hatukuipenda Mashine

Kila Desemba, watu wa rika langu wakishashiba nyama choma, lazima mmoja aanze: "Mnakumbuka ile gemu ya kupiga bata na bunduki?" Basi, imekwisha. Mwingine anamkumbuka Mario, mwingine anahesabu maisha matatu ya Contra, na kabla soda hazijaisha tumekubaliana kwamba gemu za siku hizi hazina ladha. Mimi nimechoka kuitikia. Huo ni uongo, tena uongo unaowaumiza watoto wetu.

Tuseme ukweli kuhusu hizo mashine. Zilizofika mtaani kwetu hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa nakala za Famicom, mashine iliyotolewa Japani mwaka 1983, nasi tulikuwa tunazichomeka kwenye TV miaka mingi baadaye tukijiona wa kisasa. Kaseti iliandikwa ina maelfu ya gemu. Ukizihesabu, ni kumi na kitu zinazojirudia. Ikikwama, unaichomoa, unaipuliza, unaomba Mungu. Kama ladha ni ubora wa mashine, sisi hatukuonja kitu.

Ladha ilikuwa kwingine. Sony ilitoa PlayStation 2 mwaka 2000, na ilipofika kwetu haikuingia sebuleni, iliingia kibandani. Mabati, TV moja, padi mbili, benchi la mbao lenye watoto wanane. Bob kumi mechi moja. Tulicheza Winning Eleven, na teke la Adriano liligombanisha watu hadi mwenye kibanda akapiga Inter marufuku. Sheria ilikuwa moja: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Ukichapwa nne bila, unainuka mbele ya wote, unampa padi yule yule aliyekuwa anakucheka, unarudi mwisho wa benchi. Kesho unakuja tena.

Nani alitufundisha kushindwa kuliko lile benchi? Siku hizi nacheza na mtu nisiyemjua kwenye intaneti. Nikimfunga bao la pili tu, anajitoa. Hajawahi kushindwa mbele ya watu, atajulia wapi?

Mtaniambia ninaupamba umaskini. La hasha. Nakumbuka nilivyotumwa sukari na chenji ikaishia kibandani, na kiboko nilichokula jioni hiyo nilikistahili. Na namkumbuka dada yangu. Nyumbani alimaliza Contra kabla yangu, bila ile mbinu ya kupata maisha 30. Kibandani hakukanyaga hata siku moja, maana msichana akionekana mle angeitwa majina. Alikuwa anasimama nje, karibu na fundi wa viatu, ananingoja huku akisikiliza makelele yetu. Nikimtajia leo enzi zetu, ananijibu kwa neno moja: "Zenu."

Kwa hivyo sisemi turudishe kibanda kilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba tumerudisha kitu kisicho chenyewe. Sasa tumepata visenti, tunanunua mashine ya bei ya kodi ya miezi kadhaa tukidhani tunanunua utoto wetu, kisha tunaifunga kwenye chumba cha mtoto mmoja. Tunamvalisha vifaa vya masikioni, tunafunga mlango. Mgeni akija tunalalamika: watoto wa siku hizi hawajui kuamkia watu! Jameni, nani alimfungia? Wazazi wetu walitupigia kelele kwamba gemu zitatuharibu, lakini angalau walijua tulikuwa na nani.

Mzee mwenzangu, kama kweli unaikumbuka Contra, kumbuka pia kwamba ilichezwa na wawili. Toa hiyo mashine chumbani, ilete sebuleni. Nunua padi ya pili kabla ya kununua gemu nyingine. Jumamosi, acha mlango wazi kwa watoto wa ploti nzima, na wa kwanza kukaa awe yule msichana anayechungulia pale nje. Sheria wape ile ile ya zamani: aliyefungwa anampisha mwenzake.

Ukishindwa na hilo, basi Desemba hii kula nyama yako polepole, na hadithi ya bata utuachie.